Mbona nyamapori inanuka? Yanayotokea kati ya risasi na sufuria

Tangu Tanzania itoe kanuni za uuzaji wa nyamapori mwaka 2020 na mabucha yenye leseni yaanze kufunguliwa, watu wengi ambao hawajawahi kushika bunduki wameonja swala au nyati kwa mara ya kwanza. Malalamiko yao yanafanana: nyama ni ngumu, ina giza, inanuka beberu, na bila kulala kwenye ndimu na tangawizi hailiki. Wenye uzoefu huwajibu kwamba ndivyo nyamapori ilivyo.

Sivyo ilivyo. Kuro dume mzee ana harufu yake, hilo halina ubishi, na ngiri dume naye si haba. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachoitwa harufu ya pori ni nyama iliyoanza kuharibika kabla haijafika jikoni, au iliyopakwa uchafu wa tumbo na manyoya na mtu mwenye haraka. Swala pala aliyeuawa vizuri, akapasuliwa upesi na kupozwa inavyotakiwa, ana nyama laini isiyo na mafuta mengi na isiyohitaji kufichwa kwa viungo.

Maelezo haya yanamhusu mwindaji mwenye kibali, watu wanaomsaidia kuchuna na kubeba, na mnunuzi anayetaka kujua aulize nini buchani. Tanzania uwindaji unaendeshwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyamapori huko ni kosa, kwa hiyo anayenunua kipande cha pundamilia sokoni ananunua nyama ambayo hakuna daktari wa mifugo aliyeiona.

Joto linatoka ndani

Watu wengi hudhani adui wa nyama ni jua. Jua lina makosa yake, lakini joto la kwanza la kuhangaika nalo ni la mnyama mwenyewe. Swala, nyumbu au nyati akiwa hai mwili wake una nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Moyo ukisimama, damu iliyokuwa ikibeba joto hadi kwenye ngozi nayo inasimama, na joto lote linabaki limefungiwa ndani ya misuli. Kwa wanyama wanaocheua kuna jiko jingine ambalo halizimiki: tumbo kubwa la kwanza, limejaa majani yanayochachushwa na vijidudu. Vijidudu hivyo havijui kwamba mnyama amekufa. Vinaendelea kuchachusha, kutoa gesi na kutoa joto. Ndiyo maana mnyama aliyeachwa bila kupasuliwa huvimba tumbo mapema kabisa, hata akiwa kivulini.

Bakteria wanaoharibu nyama, na wale wanaoumiza tumbo la mlaji, hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Wakipata joto la mwili, unyevu na chakula, baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja anaweza kuzaa zaidi ya 4,000 katika saa 4. Kwa hiyo kazi yote ya mwindaji baada ya risasi ni mbili tu: kuingiza bakteria wachache iwezekanavyo, na kuitoa nyama kwenye joto hilo kabla hawajapata nafasi. Lengo la kushika kichwani ni nyuzi 7 au chini yake katikati ya sehemu nene kuliko zote, na nyuzi 3 kwa maini, figo na moyo.

Neno katikati ndilo linalosahaulika. Pakua ugali mkubwa kwenye sinia uuache dakika kumi: juu umepoa, unagusika, lakini ukitia kidole katikati utakitoa mbio. Paja la nyati ni hivyo hivyo. Muda wa kupoa hauongezeki sawasawa na unene. Unene ukizidi mara mbili, muda huzidi kama mara nne. Paja la swala pala lenye unene wa sentimita 10 linaweza kupoa usiku mmoja likiwa limening'inia kwenye upepo. Paja la nyati lenye sentimita 30 lingetaka muda wa mara tisa ya huo, na katika nchi yenye joto nyama haina siku kadhaa za kungoja.

Hapo ndipo hutokea ule uharibifu unaowashangaza watu: nyama inaoza kwenye mfupa. Kwa nje paja ni kavu, safi, lina rangi nzuri. Ukilipasua hadi kwenye kiungo cha nyonga unakuta nyama ya kijivu au ya kijani hafifu, inateleza, na inatoa harufu inayomfanya mpishi arudi nyuma. Hakuna nzi aliyefika pale, wala vumbi. Ni joto lililokosa njia ya kutokea.

Kabla ya kisu

Ubora wa nyama huanza kuamuliwa mnyama akiwa bado kwa miguu yake. Misuli huwa na akiba ya sukari, na baada ya kifo sukari hiyo hugeuka asidi. Kipimo cha asidi (pH, ambacho hushuka asidi inapozidi) hutoka karibu 7 hadi karibu 5.5, na asidi hiyo ndiyo inayoizuia nyama kuharibika haraka na kuipa rangi nyekundu angavu. Mnyama aliyejeruhiwa akafukuzwa kilomita kadhaa huwa ameimaliza akiba yote. Nyama yake haipati asidi ya kutosha: inabaki nyeusi-nyeusi, inanata mkononi, na inachina upesi hata ikiwekwa kwenye baridi. Risasi moja iliyotua kwenye moyo na mapafu, kwa mnyama aliyekuwa akila bila habari, inafanya kazi kubwa kuliko viungo vyote vya jikoni.

Risasi ya tumbo ndiyo balaa. Majani yaliyochacha na kinyesi husambaa ndani ya kifua na kwenye filleti, na saa ya kuharibika huanza kukimbia papo hapo. Hata palipopigwa vizuri, nyama iliyovilia damu kuzunguka tundu la risasi ikatwe na kutupwa bila huruma. Chembe za risasi ya madini ya risasi huruka mbali kuliko jeraha linavyoonekana, kwa hiyo sentimita 10 za pembeni ndizo za kuanzia, si za kumalizia.

Kisha kuna jambo lisilo na mjadala. Mnyama uliyemkuta amekufa, hujui kilichomuua, usimguse na usimpasue. Kimeta huua ghafla. Tumbo huvimba, na damu nyeusi isiyoganda huweza kutoka puani, mdomoni na sehemu ya haja. Ukimfungua, vijidudu vikakutana na hewa, hugeuka mbegu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo. Kumchuna tu kunatosha kukuambukiza kupitia mchubuko wa mkono. Wanaosema mnyama wa porini hana magonjwa kwa kuwa anakula majani ya asili wanapaswa kujua kwamba kimeta kipo kwenye udongo ambamo majani hayo yanaota. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au ofisi ya mifugo.

Kupasua

Lenga kumaliza kutoa matumbo ndani ya nusu saa hadi saa moja tangu mnyama afe. Vaa glavu, damu ya wanyama inaweza kubeba magonjwa ya brusela na homa ya Bonde la Ufa. Uwe na visu viwili, kimoja cha ngozi na kingine cha nyama, kwa sababu kisu kilichopita kwenye manyoya kimebeba udongo na kinyesi.

Wanaochinja kwa taratibu za Kiislamu hukata koo mnyama akiwa bado na uhai, na hilo halipingani na lolote hapa, ila ujue kwamba mrija wa chakula unapokatwa huweza kurudisha majani ya tumboni juu ya nyama ya shingo. Ukishamaliza, utafute, uutenganishe na bomba la hewa, uufunge kwa kamba fundo moja kali. Kwa mnyama aliyekufa kwa risasi ya kifua, damu nyingi imeshamwagikia ndani. Itatoka utakapofungua, huna haja ya kuhangaika na shingo.

Mlaze chali, kichwa kikiwa upande wa juu wa mteremko. Bana ngozi chini kidogo ya kidari, toboa tundu dogo, ingiza vidole viwili vikiwa vimeachana, na kisu kiende katikati yao huku makali yakitazama juu, mbali na tumbo. Vidole vinalisukuma tumbo chini, kisu kinakata ngozi na ukuta wa tumbo kutokea ndani, na manyoya hayakatwi yakaanguka kwenye nyama. Shuka hadi nyonga. Zungusha kisu kwenye sehemu ya haja, ivute nje kidogo, ifunge kwa kamba. Kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kwa kufuata mbavu, kisha mgeuze mnyama ubavu na uvute kila kitu kwa pamoja kuanzia kooni. Kibofu cha mkojo kishike kwa juu kama unavyoshika mdomo wa mfuko wenye maji. Nyongo ikipasuka kwenye ini, kata sehemu yote iliyogeuka rangi.

Usitupe viungo vya ndani kabla ya kuvitazama. Bandama lililovimba, jeusi, laini kama limeyeyuka: acha kazi, nawa, mwite mtaalamu. Vinundu vyenye usaha mzito kwenye mapafu au matezi, hasa kwa nyati, vinaweza kuwa kifua kikuu. Mifuko ya maji kwenye mapafu au ini huweza kuwa mabuu ya tegu, yaani tegu katika hatua yake ya kati. Usiwape mbwa, maana mbwa ndiye atakayeyarudisha nyumbani. Maini mazuri yatandazwe kwenye sinia, yapate hewa. Kuyarundika yakiwa ya moto kwenye ndoo yenye kifuniko ni kuyapika polepole.

Ngozi: itoke au ibaki?

Hapa watu hugombana, na wote wana haki kidogo. Ngozi huzuia vumbi, nzi na kukauka kwa nyama, lakini huzuia pia joto kutoka. Uamuzi unategemea ukubwa na umbali. Digidigi, pongo au swala pala anaweza kusafiri na ngozi ikiwa chumba cha baridi kipo ndani ya saa mbili au tatu na kifua kimeachwa wazi kwa kijiti. Nyumbu, pofu na nyati wachunwe palepale. Nyati usiishie kumchuna tu: mgawe vipande vinne au zaidi, kisha fungua kila paja kwenye kiungo cha nyonga, ukifuata mstari kati ya msuli na msuli hadi mfupa uonekane. Inaonekana kama kuharibu paja. Ndiko kuliokoa.

Kuro anastahili aya yake. Manyoya yake yana mafuta yenye harufu nzito, na mafuta hayo huhamia kwenye kila kinachoguswa. Mchunaji anayejua hutumia mkono mmoja kwa ngozi na mwingine kwa nyama, tangu mwanzo hadi mwisho, wala haibadilishi. Akiugusa upande wa manyoya kwa mkono wa nyama, ananawa kwanza. Ngozi hukunjwa kwenda nje inapochunwa, isijirudie juu ya mnofu. Kuro aliyechunwa hivyo huliwa bila shida; aliyechunwa ovyo hata mbwa humfikiria. Swala pala naye ana tezi kwenye miguu ya nyuma, pale penye vishungi vyeusi juu ya kwato. Miguu hiyo ikatwe na kuondolewa mapema, na kisu kilichoipita kioshwe.

Kupoza, na ule uongo wa maji

Desturi ya kumwagia mnyama ndoo kadhaa za maji ili awe safi imeharibu nyama nyingi. Maji ya mto au bwawa yana kinyesi cha wanyama wote wanaokunywa hapo. Hata yakiwa safi, hubeba uchafu kutoka sehemu moja na kuusambaza kote, kisha huacha unyevu ambao bakteria wanaupenda. Palipoingia kinyesi au majani ya tumboni, kata tabaka jembamba kwa kisu safi. Pengine pote, futa kwa kitambaa safi kikavu. Ukilazimika kutumia maji, yawe ya kunywa, na sehemu ikaushwe mara moja.

Ning'iniza vipande kivulini penye upepo, visigusane; nafasi ya upana wa kiganja kati ya kimoja na kingine inatosha. Hewa inayopita hufanya uso wa nyama ukauke na kuwa na ganda jembamba, na ganda hilo ni ulinzi: nzi hupenda kutaga penye unyevu, na bakteria hawapendi pakavu. Funika kwa marikani au shashi iliyolegea. Mfuko wa plastiki, turubai lililobana na kiroba cha nailoni hufungia joto na jasho, na nyama iliyofungwa hivyo ikiwa ya moto ina saa chache tu. Yale mayai meupe ya nzi, yanayofanana na unga uliomwagika kwenye mikunjo, hutoka kwa kisu. Ukiyaacha, funza huweza kuwepo kabla ya siku kwisha.

Upepo una kikomo. Hauwezi kuishusha nyama chini ya joto la hewa yenyewe, na hata usiku wa Julai kwenye sehemu nyingi za pori hewa haifiki nyuzi 7. Unakununulia muda hadi asubuhi, si zaidi. Baada ya hapo inahitajika barafu au chumba cha baridi.

Kuhusu barafu watu hubahatisha, wakati hesabu ipo. Kushusha kilo moja ya nyama kutoka nyuzi 38 hadi 4 kunayeyusha karibu theluthi moja ya kilo ya barafu, ikiwa hakuna joto jingine linaloingia. Swala pala dume mwenye nyama ya kilo 30 angetosheka na kilo 10 za barafu kwenye deli lisilovuja joto hata kidogo. Deli la namna hiyo halipo. Lako linafunguliwa kila mara na linapigwa jua nyuma ya gari. Chukua uzito wa barafu unaolingana na wa nyama, na kama safari ni ya siku nzima usiione ni nyingi. Barafu iliyogandishwa ndani ya chupa za plastiki ni bora kuliko ya mapande, kwa sababu haiiachi nyama ikielea kwenye maji ya damu. Ukitumia ya mapande, fungua tundu la chini la deli maji yatoke, na inua nyama kwa chanja. Panga kwa tabaka: barafu, nyama, barafu. Kuweka barafu yote chini na nyama juu ni kupoza sakafu ya deli.

Na kuna kosa la upande wa pili, la wenye mitambo mizuri. Nyama ikishushwa chini ya nyuzi 10 katika saa za mwanzo, kabla haijakakamaa na kupata asidi yake, misuli hujikunja na haikunjuki tena. Ikigandishwa kabisa katika hali hiyo, inakuja kujikunja siku ya kuyeyushwa, ikitoa maji mengi. Swala aliyekatwa vipande vidogo na kutupwa kwenye friza saa mbili baada ya kufa ni salama kuliwa, ila atakuchosha taya, kisha utasema nyamapori ni ngumu. Wanyama wadogo na vipande visivyo na mfupa ndio hupatwa zaidi, maana hupoa upesi. Waache kwenye hewa ya jioni kwanza, kisha wahamie kwenye baridi, na friza ingoje hadi kesho yake. Ukiwa na chumba cha nyuzi 0 hadi 4, siku tatu hadi saba za kuning'inia humlainisha mnyama mzima mwenye uso mkavu. Kwa aliyepigwa tumboni, sahau jambo hilo.

Friza ya nyumbani haikutengenezwa kugandisha nyati. Ukijaza kilo 80 za nyama vuguvugu kwa siku moja, katikati ya rundo patakaa na joto hadi kesho yake huku pembeni pameganda, na utaharibu hata samaki waliokuwemo. Funga pakiti bapa zisizozidi sentimita 5, zitandaze zigusane na kuta, na rundika baada ya kuganda. Nyuzi 18 chini ya sifuri ndizo za kukaa nazo.

Kukausha ni njia nzuri na ya kale, ila haisamehi yaliyopita. Kata mnofu mistari ya sentimita 1 hadi 2 kwa kufuata nyuzi za nyama, paka chumvi gramu 20 hadi 30 kwa kilo, ning'iniza penye upepo na kivuli, mbali na nzi. Nyama iliyokwisha kuharibika ikikaushwa inabaki kuwa nyama iliyoharibika, nyepesi zaidi kubeba. Mbegu za kimeta hazijali chumvi, moshi wala jua. Ngiri na nguruwe pori wasiwe wa kukausha kabisa: wanaweza kuwa na minyoo ya trikina kwenye misuli, na kugandisha si dawa ya kuaminika kwa aina zote za minyoo hiyo. Wapikwe hadi katikati pafike nyuzi 71, pasibaki wekundu. Mifupa, ngozi na mabaki yao yafukiwe au yachomwe, yasifike kwenye banda la nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru mtu, lakini ngiri huweza kuibeba bila kuonyesha dalili, na ndoo moja ya makombo inaweza kumaliza nguruwe wa kijiji.

Kwa mnunuzi, maswali ya buchani ni mafupi. Leseni iko wapi? Mhuri wa ukaguzi uko wapi? Mnyama aliuawa lini na ameletwa na baridi ya aina gani? Kisha mwambie akukatie paja hadi kwenye mfupa mbele yako, uinamishe pua hapo hapo kwenye kiungo.